Mguu unawaka moto, tatizo liko kiunoni: Jinsi diski ya mgongo inavyotibika kwa mazoezi

Mama mmoja mkulima kutoka vilima vya Umatengo, wilayani Mbinga, aliletwa kwangu akiwa amelala ubavu kwenye kiti cha nyuma cha gari la kukodi, magoti ameyakunja, kanga ameikaza kiunoni. Alikuwa anakaribia miaka 50. Habari zake nimezibadilisha hapa na pale asitambulike, ila ugonjwa sijaubadilisha. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, kisha akasema maneno ninayoyasikia kila mara: "Mwanangu, mimi mgongo wangu umekwisha. Nimeambiwa pingili zimesagika, jembe sitalishika tena."

Mgongo wake haukuwa umekwisha. Lakini kufikia siku ile alikuwa ameshalala kitandani wiki tatu, ameshakanyagwa mgongoni na jirani anayesifika kwa "kurudisha pingili", na familia ilikuwa imeshauza mbuzi ili apelekwe Dar es Salaam kupigwa picha. Vyote hivyo vilifanywa kwa mapenzi, na hakuna hata kimoja kilichomsaidia.

Ilianzia kwenye ngoro. Kwa msomaji ambaye hajafika Mbinga, ngoro ni kilimo cha mashimo cha Wamatengo, ambacho kimeulinda udongo wa miteremko ile mikali kwa vizazi vingi. Majani hufyekwa na kupangwa kwa miraba, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunika majani hayo. Katikati hubaki shimo la kunasa maji ya mvua, na kwenye kingo hupandwa maharage au mahindi. Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga majani, na wanawake huchimba na kufunika. Kuchimba huko hufanywa mtu akiwa ameinama kwenye mteremko, saa baada ya saa, siku baada ya siku.

Siku ya tatu ya kuchimba, mama huyu alihisi kitu kama uzi uliokatika kiunoni. Alimaliza mstari wake, akarudi nyumbani. Kesho yake alishindwa kuinama kunawa uso. Siku mbili baadaye maumivu yalishuka: kutoka kiunoni hadi kwenye tako la kulia, nyuma ya paja, pembeni mwa mguu, mpaka kidole gumba. Alisema ni kama pilipili iliyopakwa ndani ya mfupa. Akikohoa au kupiga chafya, moto uleule ulishuka mpaka chini. Kidole gumba kikafa ganzi.

Nilishangaa kidogo kusikia kwamba kwa wiki tatu zote hizo kila aliyemwona alishughulikia mguu: kuukanda, kuufunga, kuupaka dawa ya kuchua. Mguu haukuwa na kosa.

Diski haitelezi

Uti wa mgongo una pingili 24 zinazojongea: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Kati ya pingili na pingili kuna diski, na kwa jumla ziko 23. Watu husema diski "imeteleza" au "imehama", nasi wataalamu tumeyazoea maneno hayo, lakini yanapotosha. Diski imeshikamana na mfupa wa juu na wa chini yake kwa nguvu sana. Haiwezi kuchomoka kama kigae cha bati, na kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kuirudisha kwa kuikanyaga.

Fikiria kitunguu. Nje ya diski ni tabaka juu ya tabaka za nyuzi ngumu, na katikati kuna ute mzito. Kazi ya ute huo ni kupokea uzito na kuusambaza. Miaka inavyokwenda, tabaka hupata nyufa ndogondogo, hasa upande wa nyuma, ambako hukazwa kila tunapoinama. Siku moja ute husukuma kupitia ufa. Wakati mwingine tabaka la nje huvimba tu. Wakati mwingine hupasuka, na kipande cha ute hutokeza nje kabisa.

Nyuma ya diski, kushoto na kulia, hupita mizizi ya mishipa ya fahamu iendayo miguuni. Ute uliotokeza hufanya mambo mawili hapo: hubana mzizi, na pia huuchokoza kwa kemikali zake, mzizi ukavimba. Ndiyo sababu kipande kidogo chaweza kuumiza kuliko uvimbe mkubwa. Na kwa kuwa mshipa ni kama waya wa umeme, hitilafu ukutani huzima taa ya chumbani: ubongo huhisi maumivu kule waya unakoishia, yaani mguuni. Hali hii huitwa sayatika. Zaidi ya diski tisa kati ya kumi zinazopasuka kiunoni ni zile mbili za chini kabisa, kwa sababu ndizo zinazobeba uzito mkubwa na kupinda zaidi.

Mizizi hiyo ina ramani yake. Maumivu yakiishia juu ya unyayo na kidole gumba, kama kwa mama wa Mbinga, kwa kawaida mzizi uliobanwa ni wa tano wa kiuno. Yakipita nyuma ya shavu la mguu hadi kidole kidogo, mara nyingi ni ule ulio chini yake. Unaweza kujipima nyumbani. Simama karibu na ukuta, tembea hatua kumi kwa visigino, kisha hatua kumi kwa ncha za vidole. Mguu mmoja ukishindwa kusimama kwa kisigino au kwa vidole wakati mwenzake unaweza, mshipa umeanza kupoteza nguvu, na hilo ni jambo la kumwona daktari ndani ya siku chache, si miezi.

Mwili hukila kile kipande

Madaktari wawili wa Boston, Marekani, William Mixter na Joseph Barr, ndio walioeleza wazi mwaka 1934 kwamba diski iliyopasuka inaweza kubana mshipa na kuleta maumivu ya mguu, na kwamba kuiondoa kwa upasuaji kunatibu. Kwa miaka mingi baada ya hapo watu waliamini kuwa diski iliyopasuka haina dawa isipokuwa kisu. Picha za MRI zilipoanza kupigwa kwa kurudiarudia kwa wagonjwa walewale, lilionekana jambo lililowashangaza wengi: kipande cha ute kilichotoka nje hunywea. Chembe za kinga za mwili hukiona kuwa kitu kigeni, hukishambulia na kukila kidogokidogo. Na vipande vikubwa vilivyokatika kabisa ndivyo vinavyonywea zaidi kuliko diski zilizovimba tu. Kwa hiyo ripoti yenye maneno ya kutisha si lazima iwe habari mbaya.

Huko Uholanzi, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulichukua wagonjwa 283 wenye sayatika kali iliyodumu wiki 6 hadi 12. Nusu walipangiwa upasuaji mapema, nusu wakaendelea na dawa, ushauri na mazoezi. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 95 ya kila kundi walijiona wamepona. Ni kweli kwamba waliopasuliwa walipata nafuu upesi zaidi, na ni kweli pia kwamba karibu wanne kati ya kumi wa kundi la kusubiri walihitaji upasuaji baadaye. Sisemi upasuaji ni mbaya. Ninasema kwamba kwa mgonjwa asiye na dalili za hatari, muda na mazoezi vina nafasi ya kweli.

Na vipi kuhusu picha? Kwanza, eksirei ya kawaida huonyesha mifupa, haionyeshi diski. "Pingili zimesagika" aliyoambiwa mama yule ni mabadiliko ya umri ambayo karibu kila mtu wa rika lake anayo, kama mvi. MRI huonyesha diski, lakini huonyesha mno. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga MRI watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Asilimia 52 walikuwa na diski iliyovimba angalau sehemu moja, na asilimia 27 diski iliyotokeza. Walikuwa wazima, wanakwenda kazini. Picha bila mtu wa kuupima mguu wako, nguvu zako na hisia zako inaweza kukupa ugonjwa ambao si wako. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, na kwa mgonjwa wa sayatika kukaa kwenye basi safari yote hiyo ni adhabu tosha. MRI inahitajika pale upasuaji unapofikiriwa, au pale daktari anaposhuku kitu kingine.

Kitanda si dawa

Wiki tatu za kulala zilimdhoofisha mama yule kuliko diski yenyewe. Misuli ya mgongo na tumbo hupungua haraka mtu akilala, na diski haina mishipa ya damu ya kutosha, hulishwa kwa kusukumwa na kuachiwa wakati mwili unapojongea. Uholanzi hiyohiyo, mwaka 1999, wagonjwa 183 wa sayatika waligawanywa: wengine walale kitandani wiki mbili, wengine waendelee na shughuli kadiri wanavyoweza. Baada ya wiki 12, asilimia 87 ya kila kundi walikuwa na nafuu. Waliolala hawakupata faida yoyote. Siku moja au mbili za kujinyoosha maumivu yakiwa makali si dhambi. Baada ya hapo, inuka.

Dawa za maumivu zinasaidia kukufanya uweze kuinuka, na hiyo ndiyo kazi yake. Diklofenaki na ibuprofeni zitumike siku chache, baada ya chakula. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, presha au ujauzito asizinywe bila ushauri wa daktari. Nimeona watu waliokunywa diklofenaki ya dukani miezi minne mfululizo. Walikuja na mgongo uleule, na tumbo linalovuja damu.

Maumivu yakirudi juu, furahi

Mwaka 1956, katika kliniki moja ya Wellington, New Zealand, mtaalamu wa fiziotherapia Robin McKenzie alikuwa na mgonjwa ambaye kwa wiki tatu hakupata nafuu yoyote. Alimwambia aingie chumbani alale kifudifudi, naye akaenda kumhudumia mwingine. Alisahau kwamba kichwa cha kitanda kilikuwa kimeinuliwa. Aliporudi alimkuta mgonjwa amelala mgongo umepinda kuelekea nyuma, jambo ambalo siku zile lilihesabiwa kuwa la hatari. McKenzie alishtuka. Mgonjwa akamwambia hajawahi kujisikia vizuri hivyo: maumivu ya mguu yametoweka, yamebaki kidogo tu katikati ya kiuno.

Kutokana na ajali ile njema tulipata kanuni ambayo mimi huwaandikia wagonjwa kwenye karatasi. Maumivu yanapotoka kwenye unyayo yakapanda hadi kwenye paja, kisha tako, kisha yakabaki kiunoni, unapona, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kwa muda. Maumivu yanapoteremka kutoka kiunoni kwenda mguuni, zoezi unalofanya si lako. Liache.

Mama wa Mbinga alianza hivi. Siku ya kwanza alilala kifudifudi juu ya mkeka, mikono pembeni, dakika tano. Mwanzoni ilibidi tumwekee mto chini ya tumbo, kisha tukauondoa. Halafu akajiinua kwa viwiko, kifua kikiwa juu na nyonga zimebaki chini, akapumua polepole dakika mbili tatu. Nilipomuuliza pilipili iko wapi, alisema imetoka kwenye kidole, iko nyuma ya goti. Siku iliyofuata aliinua kifua kwa mikono, viwiko vikinyooka kadiri maumivu yalivyoruhusu, nyonga zikiwa zimelegea kwenye mkeka, mara kumi, kisha akapumzika. Alirudia hivyo kila baada ya saa mbili mchana kutwa. Nyumbani aliendelea peke yake, na mwanawe wa kidato cha pili ndiye aliyekuwa mhesabuji. Watoto ni wasimamizi wakali.

Zoezi hili halimfai kila mtu. Wazee, hasa waliopita miaka 60, ambao miguu huwauma wakitembea na hupata nafuu wakikaa au wakiinamia fimbo, mara nyingi wana mfereji wa uti uliobana, na kwao kupinda nyuma huongeza maumivu. Wapo pia vijana wa diski ambao mwanzoni hukubali upande mmoja tu. Kazi ya mtaalamu wa fiziotherapia ni kutafuta uelekeo unaoyarudisha maumivu juu. Ndiyo maana mara ya kwanza ni heri upimwe kuliko kuiga zoezi la jirani, au hata la gazetini. Ulizia kitengo cha fiziotherapia kwenye hospitali yako, na kama hakipo, omba rufaa ya hospitali ya mkoa Songea.

Kutembea ndiyo dozi ya pili. Dakika tano mara nne kwa siku, kisha kumi, kisha ishirini. Najua kwamba Umatengoni njia tambarare ni ya kutafuta kwa tochi, basi tembea uwanja wa shule au wa kanisa. Baada ya wiki mbili tatu, mguu ukiwa umetulia, tunaongeza mazoezi ya nguvu: kulala chali magoti yamekunjwa na kuinua kiuno kama daraja, au kupiga magoti kwa mikono na kunyoosha mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto bila kuyumba. Hapa ndipo wengi hutoroka, kwa sababu maumivu yamepungua. Nao ndio wanaorudi msimu unaofuata.

Kukandwa kwa upole na maji ya moto hulegeza misuli iliyokaza, sina ugomvi nako. Kukanyagwa mgongo, kuvutwa miguu na watu wawili, au kuzungushwa shingo na kiuno kwa kushtukiza, hapana. Diski iliyopasuka nusu inaweza kumalizikia hapo.

Ndoo ya lita 20

Mwaka 1999 watafiti wa Ulm, Ujerumani, walichomeka kipimo ndani ya diski ya kiuno ya mtu mmoja aliyejitolea, wakapima shinikizo akifanya shughuli za kawaida. Ni mtu mmoja tu, lakini vipimo vyake vinaeleza mengi. Aliposhika mzigo wa kilo 20 karibu na kifua, shinikizo lilikuwa kama mara mbili ya akiwa amesimama wima mikono mitupu. Aliposhika mzigo uleule sentimita 60 kutoka kifuani, lilizidi mara tatu na nusu. Aliponyanyua mzigo huo kutoka chini mgongo umeinama, lilizidi mara nne.

Kilo 20 ni ndoo moja ya maji. Gunia la mahindi la kilo 100, ukiachilia mbali lumbesa, lipigie hesabu mwenyewe. Kinachochosha diski si kuinama kwenyewe, kwani mgongo umeumbwa kuinama. Kinachoichosha ni kuinama na mzigo ulio mbali na mwili, mara nyingi, bila kupumzika. Ndoo ivute karibu na miguu, chuchumaa, ikumbatie, ndipo uinuke. Gunia la kahawa libebwe na watu wawili. Na usijipinde kiuno huku umeshika mzigo, geuza miguu.

Kwenye ngoro nilimshauri mama mambo matatu. Asianze kuchimba mara tu anapoamka, kwa sababu usiku diski hufyonza maji na asubuhi inakuwa imetuna. Apitishe saa moja kwanza kwa kazi za kusimama. Kila anapomaliza mashimo machache asimame, ashike kiuno kwa mikono miwili na ajipinde nyuma mara tano. Na jembe liwe na mpini mrefu. La nne nilimwambia mume wake, ambaye alikuwa amekaa pembeni akisikiliza: ngoro hazina sheria inayomkataza mwanaume kuchimba.

Ziwani, mambo mengine hufanana na diski

Teremka sasa hadi mwambao, Mbamba Bay, Liuli, Lituhi. Huko wanaume husukuma mitumbwi na kuvuta nyavu za usipa usiku, na migongo huwauma kama ya wakulima wa mlimani. Wengi wao shida ni misuli au diski, na maelezo ya juu yanawahusu. Lakini kwa watu wa ziwa nina onyo la pekee.

Kichocho tunakijua kwa damu kwenye mkojo. Wachache wanajua kwamba mayai yake yanaweza kufika kwenye uti wa mgongo. Mwaka 1992 Wamarekani wawili waliokuwa wakijitolea nchini Malawi walipata kichocho cha mfumo wa fahamu baada ya kuoga kwenye ziwa hilihili, upande wa kusini, Cape Maclear. Kijana wa mwambaoni anayeumwa kiuno, kisha ndani ya siku au wiki miguu inalegea na mkojo unagoma, asiambiwe ni diski kabla hajapimwa kichocho. Dawa yake, prazikwanteli, ipo, lakini hapa hutumiwa pamoja na dawa nyingine chini ya uangalizi wa daktari, na kuchelewa kunaweza kuacha ulemavu.

Wazazi nao wasikilize. Mtoto mdogo kwa kawaida hapati diski. Mtoto anayelalamika mgongo wiki kadhaa, anayeamka usiku kwa maumivu, anayekohoa, anayepungua uzito au kuwa na homa za jioni, afikiriwe kifua kikuu cha mifupa. Kuna jaribio rahisi: mwangushie sarafu chini. Mtoto mwenye kifua kikuu cha uti hukataa kuinama. Hushuka kwa kuchuchumaa, mgongo ameukaza kama ubao, mkono mmoja kwenye paja. Ukingoja mpaka kibiongo kionekane, pingili zimeshaliwa. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Mazoezi ya diski, kwa mtoto huyo, hapana kabisa mpaka apimwe.

Mtu mzima pia: maumivu ya mgongo yenye homa, jasho la usiku au kukonda, au yanayompata mtu aliyewahi kuugua saratani, au yaliyoanza baada ya kuanguka kutoka mti au bodaboda, yaende hospitali kwanza.

Usingoje asubuhi

Kuna hali moja ambayo haina mjadala wa mazoezi. Kipande kikubwa cha diski kinaweza kubana kwa pamoja fungu lote la mishipa ya chini. Mkojo unagoma kutoka, au unatoka bila wewe kujua. Choo kinakuponyoka. Unapojisafisha husikii mkono wako, sehemu zote zinazogusa tandiko la baiskeli zimekufa ganzi. Miguu yote miwili inadhoofika. Mwanaume anaweza kupoteza nguvu za kiume kwa ghafla.

Dalili hizi hata moja, ni safari ya siku hiyohiyo. Lengo ni mgonjwa afike mezani kwa daktari wa upasuaji ndani ya saa 48, mapema zaidi ikiwezekana. Baada ya hapo mgongo unaweza kupona lakini mkojo usirudi kuwa wako. Watu huona haya kuyasema haya, hasa baba mbele ya wanawe, na mama mbele ya mkwewe. Mimi huuliza wazi, na nawe mseme wazi mgonjwa wako: "Mkojo unatoka sawasawa?" Upasuaji wa mgongo hufanywa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, na hospitali yako ndiyo itakayopanga rufaa. Kutoka Mbamba Bay sasa lami inafika Mbinga na Songea. Nenda hospitali ya karibu, sema maneno hayo matatu: mkojo, ganzi, miguu. Usipeleke mgonjwa wa namna hii kwa mkandaji, na usiniletee mimi.

Sababu nyingine za upasuaji ni mguu unaoendelea kupoteza nguvu wiki hadi wiki, na maumivu yasiyovumilika baada ya wiki 6 hadi 12 za tiba iliyofuatwa kweli. Hapo upasuaji ni jambo jema, na fiziotherapia huendelea baada yake.

Mama wa Mbinga hakufika huko. Wiki ya pili maumivu yalikuwa yamebaki kwenye tako. Wiki ya sita alitembea mwenyewe kwenda sokoni na kurudi. Kidole gumba kilirudisha nguvu mwezi wa tatu, ingawa ganzi kidogo ilibaki pembeni mwa ukucha, nami nilimwambia kwamba huenda isiondoke. Zile fedha za mbuzi zililipa ada ya kidato cha tatu ya yule mhesabuji.

Machi iliyofuata alipiga simu. Ngoro walichimba wawili, yeye na mzee, naye mzee ndiye aliyelalamika kiuno. Alichotaka kujua ni kama anaruhusiwa kumbeba mjukuu mgongoni. Nilimwambia ambebe, mradi anapomchukua achuchumae, na mtu mwingine amsaidie kufunga mbeleko.